Ibada ya kweli siku za kazi: mwongozo kamili kwa wanaoanza kila mwezi na kuishia njiani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na nyie wa Iringa na Njombe kamwene. Naandika hii kwa sababu maswali yanayokuja ni yale yale. Mtu anasema nikiwa kanisani naabudu mpaka machozi yanatoka ila Jumatatu nikipiga magoti nyumbani naona kama naongea mwenyewe, mwingine anasema nilianza kuamka saa kumi usiku nikaenda wiki nikaacha, mwingine anasema sisi nyumbani tukianza kuomba pamoja tunaishia kununiana. Na hawa ni watu walioshahudhuria semina, walioshafunga, wengine wameshahama hata makanisa, na bado wanakwama pale pale.

Ukiwasikiliza vizuri unagundua karibu wote wanaanzia katikati. Wanaanza na wimbo, wanasubiri hisia zije, zisipokuja wanasema Mungu kaniacha au kuna mtu kanifunga. Sasa kwenye Biblia wimbo upo, lakini una mambo kabla yake na una mambo baada yake, na hayo ya kabla na ya baada ndo magumu, ndo maana tunayakimbia. Hapa nimeyapanga kwa mpangilio wa kuyafanya. Usiruke hatua, hasa ya kwanza na ya sita.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Biblia. Ya karatasi nzuri zaidi, sio kwamba ya kwenye simu imepungukiwa upako, ni kwamba simu ina wasapu. Kama unayo ya simu tu zima data kabla hujaifungua, nyingi zikishapakuliwa zinasomeka bila bando.

Daftari dogo na peni. La shule linatosha.

Nyimbo mbili tatu unazozijua kwa kichwa mpaka ubeti wa mwisho, sio kiitikio tu. Za kitabu cha kanisa lenu, za kwaya, za Kinyakyusa au Kihehe ulizofundishwa na bibi, zote sawa.

Dakika 20. Sio saa nzima, sababu inakuja hatua ya 2.

Kitu cha kujifunika. Kama uko Mbeya, Makete, Njombe au Mafinga mwezi wa sita na wa saba utanielewa.

Jina la mtu mmoja. Yule ambaye ukisikia sauti yake mlangoni moyo unashtuka. Liandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Visivyohitajika ni vingi: spika, mafuta, maji ya chupa, chumvi, kitambaa. Kama kuna mtu anakuuzia kitu ili ibada yako ifike juu mwachie hicho kitu chake. Yule mwanamke Msamaria kisimani alimuuliza Yesu habari za mahali, mlima huu au Yerusalemu, akajibiwa kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli (Yohana 4:23). Hakutajiwa kifaa hata kimoja.

## Hatua ya 1: Malizana na mtu kwanza

Hapa ndo pa kuanzia, na hapa ndo wengi wanapita mbio kama hawajaona. Fungua Mathayo 5:23-24. Yesu anasema umefika na sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, basi iache sadaka pale pale, nenda ukapatane nae, ndo urudi utoe.

Soma taratibu uone nani ana neno na nani. Hajasema *wewe* ukiwa na kinyongo na mtu. Amesema *yeye* ana neno juu yako. Yaani hata kama wewe umeshasahau na unalala vizuri, kuna mtu Uyole au Ilula huko bado anaumia kwa ulichomfanyia, na Mungu anakwambia hiyo sadaka inaweza kusubiri.

Jinsi ya kufanya:

Chukua lile jina uliloandika. Kama ni kosa la maneno, nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe, kwenye ujumbe mtu anasoma sauti anayoitaka yeye. Usiende na mistari ya Biblia. Sema kosa lenyewe kwa jina lake, fupi: "Shangazi shikamoo, nimekuja kwa ajili ya lile la shamba, nilikosea kukusema mbele za watu, naomba unisamehe." Alafu nyamaza. Ukiongeza "ila na wewe" hapo umefungua ugomvi wa pili.

Kama ni hela, usiende kuomba msamaha mikono mitupu. Unadaiwa kwenye kikoba, umebadilisha laini, ukimuona mwenyekiti pale Kabwe unashuka kwenye daladala kabla ya kituo, alafu Jumapili uko mstari wa mbele umenyoosha mikono. Peleka hata kiasi kidogo, sema kinachobaki utaleta lini, na hiyo tarehe iandike kwenye daftari. Zakayo hakumwimbia Yesu wimbo, alisimama akasema kama nimemnyang'anya mtu namrudishia mara nne (Luka 19:8), na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Tahadhari. Kupatana sio kurudi kupigwa. Kama huyo mtu anakupiga au aliwahi kukudhuru mwili, hatua hii haikutumi kwake peke yako, nenda kwanza dawati la jinsia na watoto pale polisi, au kaa na mzee wa kanisa unayemwamini, usalama wako sio dhambi. Alafu kuna wale wanaoenda "kupatana" na mtu waliyekuwa nae kwenye mahusiano ya siri, tena jioni, tena peke yao. Wapendwa, huyo muombee ukiwa kwako.

Na akikataa? Inatokea sana. Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote. Upande wako umemaliza, rudi madhabahuni. Kama ameshafariki, angalia kama kuna mjane au watoto unaoweza kuwalipa kile ulichokuwa unadaiwa.

Utajua imekaa vizuri siku mtakapokutana sokoni ghafla na usitafute pa kujificha. Sio lazima muwe marafiki.

## Hatua ya 2: Chagua saa na mahali, ila kwa akili

Watu wanajiwekea ratiba za mitume. Anaamua kuanzia kesho ntaamka saa tisa usiku nisali mpaka saa kumi na mbili, na anaamua hivyo mwezi wa saba, Mbeya, baridi ya kukata masikio, na saa kumi na moja anatakiwa awe sokoni Mwanjelwa anapokea mzigo. Siku ya nne homa. Siku ya sita ameacha na sasa ana hatia juu yake, hata kale kasala ka kulala amekaacha.

Chukua dakika 20 tu na uzifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa. Kabla ya kuwasha moto wa chai. Baada ya watoto kutoka kwenda shule. Ukishapaki bajaji kabla hujaingia ndani. Nesi wa zamu asijifunge na saa, ajifunge na tukio: "nikivua sare tu". Mkulima msimu wa palizi anaweza kuifanya shambani kwenye kivuli kabla hajashika jembe, hamna aya inayosema lazima uwe chini ya bati.

Mahali iwe pamoja, pale pale kila siku. Yesu alisema uingie chumbani mwako ufunge mlango (Mathayo 6:6), na shida aliyokuwa anaiongelea ni watu wanaoomba ili waonekane. Kwa hiyo kama una tabia ya kupiga picha Biblia na kikombe cha chai uweke stetasi, hiyo dakika ya picha itoe.

Tahadhari, na hii naomba muisome mara mbili. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango na madirisha ili uombe kwenye joto. Hewa yake ya sumu hainuki wala haionekani, unaanza kuumwa kichwa, unasikia usingizi mzito, unadhani ni vita vya rohoni kumbe unazimika. Kila msimu wa baridi hili linakuwa hatari huku kwetu. Jiko likae nje, vaa koti, vaa soksi, jifunike blanketi. Mungu hakasiriki ukimwabudu na kofia ya sufu.

## Hatua ya 3: Anza na yeye, maombi yako yasubiri

Hapa fungua Zaburi moja na uisome kwa sauti. Kwa sauti kweli, hata ya chini, kwa sababu ukisoma kimoyomoyo akili inaenda kwenye bei ya mbolea na macho yanaendelea kusoma bila wewe.

Ukimaliza jibu kitu kimoja kwenye daftari: Zaburi hii inasema Mungu yukoje? Mstari mmoja tu. "Hashiki hasira milele." "Ananijua nikikaa na nikiondoka." Alafu mwambie huo huo mstari, kwa maneno yako, kwa Kiswahili chako cha kila siku au kwa lugha ya kwenu. Hiyo tayari ni kuabudu, ingawa hamna kilichotetemeka.

Za kuanzia: 103, 145, 95, 139, 33, 24, 15. Wiki moja hiyo. Ukimaliza zirudie, usikimbilie kumaliza kitabu.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba wengi wetu tukifumba macho tu sentensi ya kwanza ni "Bwana naomba" na ya mwisho ni "Bwana naomba". Kuomba sio vibaya, tumeamriwa tuombe. Ila ukianza na orodha yako, mawazo yanabaki kwenye orodha, na ukiamka pale unaamka na wasiwasi ule ule uliokaa nao.

### Na kama moyo umejaa huzuni?

Swali hili linakuja sana, hasa kwa waliofiwa, wanaosema siwezi kuabudu kwa sababu siwezi kufurahi. Nani kasema kuabudu ni kufurahi? Ayubu alipoambiwa watoto wake wamekufa alirarua joho, akanyoa kichwa, akaanguka chini akasujudu (Ayubu 1:20). Abrahamu alipowaambia vijana wake kwamba yeye na mtoto wanakwenda kule kuabudu (Mwanzo 22:5) alikuwa anapanda mlima na kuni na kisu, sidhani kama alikuwa anacheza.

Ukiwa kwenye hali hiyo soma Zaburi ya 13 inayoanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Au ya 88, ambayo mpaka inaisha hamna taa iliyowashwa, neno la mwisho ni giza, na bado imewekwa kwenye kitabu cha sifa. Kumwambia Mungu ukweli wa maumivu yako ukiwa umepiga magoti mbele zake ni ile "kweli" ya Yohana 4. Tabasamu la kulazimisha kanisani ndo linakosa hiyo kweli.

Dalili kwamba hatua hii imeingia: unaweza kukaa dakika tano mbele za Mungu na hujamuomba kitu bado.

## Hatua ya 4: Tubu kwa majina

Fupi lakini isirukwe. "Bwana nisamehe kama kuna mahali nimekosa" hiyo sio toba, hiyo ni bima. Sema: "Jana nilimdanganya mteja kwamba mchele umetoka Kyela." "Nilimpiga mtoto kwa hasira zangu za kazini." Zaburi ya 51 ikusaidie maneno, na 1 Yohana 1:9 ikusaidie kuinuka, kwa sababu ukishaungama umesamehewa, usirudi kesho kuungama kile kile kama vile jana hakusikia.

Dhambi za namna hii ziseme kwa Mungu, na kwa uliyemkosea (hatua ya 1). Usiziandike kwenye daftari kwa urefu, nyumba zetu zina watoto wanaojua kusoma.

## Hatua ya 5: Sasa imba

Ndo tumefika pale ambapo wengi huwa wanaanzia.

Imba wimbo mmoja, miwili, bila spika na bila kinanda cha kwenye simu. Muziki ukikubeba kila siku hutajua kama ni wewe unayeabudu au ni mpiga gitaa. Paulo anasema nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia (1 Wakorintho 14:15), kwa hiyo kabla hujauchagua wimbo pima maneno yake: unamtaja Mungu na alichofanya, au kutoka mwanzo mpaka mwisho unawataja maadui zako na jinsi watakavyoaibika? Hizi za pili zimejaa siku hizi na zina mdundo mzuri kweli, sikatai, chezea harusini.

Machozi yakija yaache yaje. Yasipokuja usiyatafute. Hisia sio kipimo cha kama Mungu amepokea, na mtu akishazoea kujipima kwa machozi ataanza kuyatengeneza.

Alafu majirani. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani na wafungwa wakawasikiliza, sawa, lakini hawakuwa na spika ya inchi kumi na tano. Nyumba za kupanga za Soweto na Ilemi hapa Mbeya ukuta ni mmoja, mwenzako ametoka zamu ya usiku. Imba kwa sauti ya chumba chako.

## Hatua ya 6: Toka nayo, nenda nayo kazini

Hii ndo hatua yenyewe. Kama mwongozo huu wote ungekuwa na hatua moja ningebakiza hii na ile ya kwanza.

Paulo kwenye Warumi 12:1 anasema itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, na anasema hiyo ndiyo ibada yenu yenye maana. Mwili, sio sauti tu. Mwili ndo unaoenda Mwanjelwa, ndo unaoshika mizani, ndo unaosaini vocha ya malipo, ndo unaoingia kitandani. Na Amosi alishawaambia watu wa Israeli kwamba Mungu hataki kusikia kelele za nyimbo zao, anataka haki itiririke kama maji (Amosi 5:23-24), na ukisoma sura za jirani unakuta walikuwa wanapunguza vipimo, wanakanyaga maskini, na ibada zinaendelea vizuri tu kwa ratiba.

Sasa tuje huku kwetu.

Wewe unayenunua viazi shambani. Unamfuata mkulima Umalila au Njombe huko, unamlipa bei ya gunia, alafu gunia limeshonewa kofia juu, lumbesa, limebeba kilo ambazo hazimo kwenye bei. Wakala wa Vipimo wanakataza, wewe unajua, dereva anajua, mkulima anajua ila hana namna, viazi vikikaa vinaoza. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Chukizo ni neno zito, ni lile lile linalotumika kwa sanamu.

Wewe unayeuza mchele. Unachanganya na wa kwingine alafu unaandika Kyela. Wewe wa nyanya za Ilula, tenga juu nzuri, chini zimepondeka. Wewe wa mbao Mafinga, unauza mbao mbichi kwa mtu wa Dar unamwambia zimekauka.

Wewe mwenye shamba. Vibarua wamevuna mahindi yako, au wamechuma chai Rungwe au Mufindi, na unawaambia njoo wiki ijayo, wiki ijayo, huku kanisani umetoa ahadi ya mabati. Yakobo 5:4 anasema ule ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Yaani wakati wewe unaimba kuna sauti nyingine inapanda kutoka shambani kwako, na hiyo inasikika.

Wewe wa ofisini. Faili la mzee wa watu umelikalia mpaka "akuone".

Usijaribu kubadilisha yote wiki moja, utachoka na utarudi. Fanya hivi: ukimaliza wimbo, kabla hujainuka, andika kwenye daftari kitu kimoja cha leo utakachomtolea Mungu kwa mwili. Kimoja, kinachoonekana. "Leo magunia ya mzee nitayapima kwa mizani." "Leo vibarua wawili wa mwisho nawalipa kabla ya saa sita." "Leo nikirudi sitaishika simu mpaka watoto walale." Jioni unaweka alama: nimefanya, sijafanya. Hamna maelezo.

Tahadhari ya kwanza: utapata hasara. Nasema mapema ili usije ukasema Mungu hakubariki. Ukiuza mchele kwa jina lake halisi kuna mteja atahamia meza ya pili. Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna, mwenye uwanja alitaka kumpa bure, uwanja na ng'ombe, Daudi akakataa, akasema hawezi kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Ibada ya kweli ina bei na wakati mwingine bei yenyewe ni ile faida ya lumbesa.

Tahadhari ya pili: usitangaze. Usimwambie mteja mimi nimeokoka sipunji. Mpimie tu. Wateja wa Mwanjelwa wamesikia "mimi nimeokoka" nyingi sana kabla ya kupunjwa.

Matunda ya hatua hii usiyatafute moyoni mwako, yatafute kwa watu wanaofanya kazi na wewe. Kibarua akianza kukubali kazi yako bila kudai hela mbele, hapo kuna kitu kimetokea.

## Hatua ya 7: Mtu mwenye shida awe kwenye ratiba

Yakobo 1:27 inasema dini safi mbele za Mungu ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na kujilinda na dunia pasipo mawaa. Kwa hiyo kwenye daftari weka siku moja ya wiki na jina la mtu. Bibi anayelea wajukuu peke yake huko Igawilo, mpelekee debe la mahindi, au kama huna mahindi mchotee maji, mpasulie kuni, kaa umsikilize. Baridi ikianza nguo za sufu zilizowabana wanao zina mahali pa kwenda.

Tahadhari kuhusu sadaka. Toa, na utoe kwa moyo, lakini usichukue ada ya mtoto au hela ya dawa za mama ukaipeleka "kupanda mbegu" kwa sababu mtu amepaza sauti kwenye maiki. Yesu kwenye Marko 7 aliwakemea watu waliokuwa wanasema Korbani, yaani hiki nimemtolea Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mama yako Tukuyu akikosa dawa kwa sababu ya ahadi yako ya kanisani, nenda kazungumze na mchungaji wako, mchungaji mwema atakurudisha nyumbani na hiyo hela.

## Hatua ya 8: Nyumba nzima, dakika kumi

Usianze hatua hii kabla hujaenda na zile nyingine walau wiki kadhaa peke yako. Ukiileta mapema watoto wataona ni moto wa semina, watasubiri upoe.

Ikiwa tayari: jioni, kabla ya ugali au ukishaliwa, dakika kumi. Mtoto mmoja asome mistari mitano, sita. Mmoja achague wimbo. Kila mtu aseme kitu kimoja cha kumshukuru Mungu cha siku hiyo, na dada wa kazi awepo, akae kwenye kiti kama wengine, na aseme na yeye. Baba au mama afunge kwa sala fupi. Basi, amina, watu wakale.

Kinachoua ibada za nyumbani ni sala za mafumbo. "Bwana mguse mume wangu aache kuchelewa kurudi." "Bwana wasaidie watoto wasio na shukrani." Mtu akisemwa kwa Mungu mbele yake mara mbili, ya tatu atakuwa na kazi nje. Kama una jambo na mumeo mwambie mumeo.

Kama mmoja ni Mkatoliki na mwenzie ni Mmoravian au Mlutheri, msibishane nani aombe vipi. Zaburi ni za wote, Baba Yetu ni ya wote, anzeni na hivyo viwili. Kama mwenzako haombi kabisa usimlazimishe kukaa, na usimfanyie sauti kubwa ili asikie. Akiona hatua ya 1 na ya 6 kwako, siku moja atavuta kigoda, na asipovuta bado watoto wanakua wanaona.

## Hatua ya 9: Jumapili

Sasa Jumapili inakuwa nyepesi. Nenda umeshasoma Zaburi asubuhi, kaa na wenzako, usiache kukusanyika (Waebrania 10:25) kwa sababu eti umepata ibada ya nyumbani. Simu izimwe. Yule wa hatua ya 1 akiwepo msalimie kabla ya ibada.

## Mambo yanayokwamisha, na dawa zake

Usingizi. Soma umesimama, au tembea uani. Kama kila siku unasinzia basi tatizo ni saa unayolala, sio shetani.

Ukavu. Wiki mbili unasoma, unaimba, na hamna kinachosikika moyoni. Rudi uangalie hatua ya 1 na ya 6 kama kuna kitu umekiacha kiporo. Kama hamna, endelea hivyo hivyo. Na kama ukavu umeambatana na kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi na kuona maisha hayana maana, mwone mchungaji na mwone daktari pia, wote wawili.

Kujilinganisha. Mwenzako ananena kwa lugha saa mbili, wewe una Zaburi moja na mstari kwenye daftari. Muulizeni kibarua wake.

Umekosa siku nne, tano. Msiba Makambako, safari, mtoto kalazwa. Usifidie, usijipe adhabu ya dakika mia moja siku ya sita, ndo njia ya haraka ya kuacha kabisa. Angalia tu kama katika hizo siku kuna mtu umemkosea, kama yupo anza na yeye, kama hayupo fungua Zaburi uliyokuwa umefikia na usome kwa sauti, dakika zile zile 20.